Nyama Haifichiki, Pesa Inafichika: Wahadzabe na Riziki Inayobadilika

Msumari wa inchi sita, ule ambao fundi huutumia kupigilia kenchi, ukifika kwenye kambi ya Wahadzabe hauendi kwenye paa. Unawekwa juu ya jiwe, unapondwapondwa mpaka unalala bapa, unasuguliwa makali, kisha unafungwa kwenye mti wa mshale. Umeshakuwa kigumba. Vile vigumba vyenye miiba, vya kupakwa sumu ya kuangushia mnyama mkubwa, mara nyingi hufuliwa na wahunzi wa Kidatoga, majirani ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wamang'ati. Malipo yake kwa miaka mingi yamekuwa asali.

Nimeanza na msumari kwa sababu kila nikifungua simu siku hizi nakutana na video ya mgeni aliyekwenda Ziwa Eyasi "kuishi na watu wa mwisho wa zama za mawe". Watu wa zama za mawe hawakuwa na msumari. Wahadzabe wamekuwa wakibadilishana asali, nyama na ngozi kwa chuma, tumbaku, mahindi na shanga tangu kabla ya babu zao, na Wanyisanzu upande wa kusini walifanya nao biashara hiyo kabla serikali yoyote haijawahesabu. Kwa hiyo anayesema maisha yao yalikuwa yamefungiwa kwenye chupa na sasa chupa imepasuka, anakosea tangu mwanzo. Wamebadilika siku zote. Ila mabadiliko ya miaka hii sitini yanauma kwa namna ambayo yale ya zamani hayakuuma, na kujua ni kwa nini kunahitaji subira kidogo.

Tuwafahamu kwanza. Wahadzabe ni watu elfu moja na mia kadhaa hivi, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda kaskazini mwa Tanzania, katika wilaya za Mbulu, Karatu, Mkalama na Meatu. Vitabu vya zamani viliwaita Watindiga au Wakindiga. Lugha yao ina sauti za kidoko, zile za kugonga ulimi, lakini wanaisimu hawajaipatia ndugu wa uhakika, hata kwa Wasandawe ambao nao wanazo sauti hizo. Wanaopata sehemu kubwa ya chakula chao porini hadi leo ni mia chache tu. Waliobaki wanachanganya, na neno hilo kuchanganya ndilo linalokosekana kwenye zile video. Mtu yuleyule anaweza kula mizizi mwezi huu, akala ugali wa msaada mwezi unaofuata, akapokea watalii wiki ya tatu, kisha akapotea mwezi mzima kutafuta asali.

Wakiitwa "wawindaji" nusu ya habari inapotea. Chakula cha uhakika huletwa na wanawake na watoto. Wanawake hutoka kwa kundi na vijiti vya kuchimbia vilivyochongwa ncha, wakafukua mizizi iliyojificha katikati ya mawe, na kwa msimu wake wakachuma matunda ya mikole na kuokota mabuyu. Unga wa ubuyu huchanganywa na maji, na hata mbegu hupondwa zikaliwa. Mtoto wa miaka mitano tayari anajitafutia sehemu ya mlo wake karibu na kambi. Wanaume wana uta na asali. Wanapanda mbuyu kwa kupigilia vigingi mmoja juu ya mwingine, wana moshi mkononi, na mara nyingi aliyewaleta pale ni mlembe, yule ndege mdogo anayeita watu na kuwaongoza mpaka kwenye mzinga. Nyama hupatikana siku moja na kukosekana nyingi. Dikidiki, pimbi na ndege ndiyo mboga ya kawaida, tandala au pofu ni bahati.

Bahati hiyo sasa ndiyo ya kuitazama kwa makini, maana ndani yake kuna kanuni inayoshikilia maisha yote. Mtu akimwangusha tandala, mnyama wa kilo mia mbili, hawezi kumla peke yake na hawezi kumweka. Jua kali, nzi, fisi. Watu wa kambi wanafuata nyama ilipo, na kila mmoja anapata. Anayepata hashukuru kama aliyepewa zawadi, maana hajapewa zawadi, amechukua haki yake. Vipo viungo vya mnyama ambavyo ni vya wanaume waliokwishaingizwa rasmi katika utu uzima tu, huitwa nyama ya epeme, na hata hivyo haviwi mali ya aliyerusha mshale. Kesho mwindaji yule atakuwa mtupu kama wenzake na atakula cha mwingine. Hakuna chifu wala ghala. Anayeanza kujiona mkubwa anachekwa, na akizidi, wenzake wanahama kambi wakamwacha na ukubwa wake.

Hata vitu vichache vinavyoweza kumilikiwa vina njia yake ya kuzunguka. Wanaume hucheza kamari inayoitwa lukuchuko. Wanarusha vipande vya magome ya mti na kuangalia vimeangukaje, dau likiwa vigumba vya chuma, visu, shanga. Aliye na mishale kumi asubuhi anaweza kuwa na miwili jioni. Uta wenyewe, mishale ya mbao ya kupigia ndege na mfuko wa ngozi haviwekwi rehani, yaani hakuna anayeweza kucheza hadi akose cha kupatia chakula. Mhubiri akipita pale ataona dhambi. Mimi naona kodi ya mapato isiyo na ofisi wala karani.

Sasa leta noti ya elfu kumi kwenye mfumo huo. Haiozi wala haitoi harufu ya kumwita jirani. Inaingia mfukoni na hakuna anayejua. Nadhani hapa ndipo fundo lilipo, zaidi ya ile mada ya "mila dhidi ya maendeleo" tunayoipenda kwenye makongamano. Nyama haifichiki, pesa inafichika. Kila riziki mpya iliyoingia Eyasi na Yaeda inabidi iulizwe swali hilo: je, inaonekana na kufikiwa na wote, au inafichika?

Pesa haikuja peke yake, ilikuja nyuma ya ardhi. Kwa muda mrefu mlinzi mkuu wa nchi ya Wahadzabe alikuwa mbung'o. Vichaka vyenye mbung'o haviingizwi ng'ombe, na pasipo ng'ombe na maji ya kutosha, mkulima na mfugaji walipita mbali. Vichaka vilipofyekwa wakati wa mkoloni ili kuua mbung'o, Wairaqw waliokuwa wamebanana kwenye milima ya Mbulu walipata pa kushukia. Upande wa Hanang, kuanzia karibu mwaka 1970, mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yaliyoungwa mkono na msaada wa Canada, yalichukua takribani hekta 40,000 za malisho bora ya Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Ng'ombe hawakufa wote siku ile. Wafugaji walitawanyika kutafuta nyasi kwingine, na mabonde kama Yaeda yakazidi kubanwa. Kwa hiyo anapotokea mtu kuniambia kwamba shida ya Wahadzabe ni Wamang'ati, namwomba arudi nyuma hatua moja aulize nani aliwasukuma Wamang'ati. Mkate wa mjini una mkono wake humo.

Ng'ombe hawagombanii nyama ya porini moja kwa moja, wanagombania maji. Mwisho wa kiangazi, visima vikibaki vichache, mwindaji wa Kihadzabe alikuwa akilala karibu na maji usiku akivizia wanyama wanaokuja kunywa. Ng'ombe mia tano wakishashinda pale mchana kutwa, maji yamevurugika na wanyama wamekwenda zao. Kwa wanawake hasara ni nyingine. Shamba likilimwa, mikole imeng'olewa na mizizi imekwisha. Shamba la mtu huyo linaweza kushindwa baada ya misimu mitatu kwa ukame, lakini mikole hairudi kwa sababu mahindi yameshindwa.

Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ndiko mfano uliokamilika. Chemchemi ya Qangded inamwagilia vitunguu vinavyosafirishwa kwa malori hadi miji mikubwa na kuvuka mpaka, na watu wamemiminika kutoka kila pembe ya nchi kulima, kupalilia na kuuza chakula. Kwa mkulima ni hadithi njema, nami sina kinyongo na kitunguu cha Mang'ola, nakila. Lakini kwa Wahadzabe wa upande ule maana yake ni kwamba pori limebaki vipande.

Katikati ya ubanaji huo serikali ilijaribu dawa yake, ile ya kuwakalisha. Waingereza walijaribu kabla ya uhuru, ikashindwa. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliwakusanya Yaeda Chini, ikawapa mahindi na mafunzo ya kilimo. Kwa muda walikaa, chakula kilipokuwepo. Maradhi nayo yalienea upesi kwa watu waliozoea kambi za watu ishirini au thelathini. Wengi wakarudi porini. Majaribio hayo yalijirudia kwa majina tofauti, na kila mara lawama ilikuwa kwamba watu hawa ni wavivu wa kilimo. Lawama hiyo naiona ya ajabu. Mkulima anahitaji kuweka mbegu bila kuila, na kukataa ndugu zake wenye njaa wanaojua kwamba gunia limo ndani. Kwa Mhadzabe kumnyima mwenye njaa kilichopo mbele ya macho ndiyo aibu kubwa. Gunia la mbegu kwenye kambi ya Wahadzabe ni tandala aliyelala chini, na tandala hasubiri masika.

Kuna kazi ya shamba wanayoifanya bila ubishi, nayo ni kulinda. Mwenye shamba la mahindi anamweka Mhadzabe mwenye uta awafukuze nyani na wanyama wengine, kisha anamlipa kwa debe la mahindi. Nyani mwenyewe ni mboga. Ni makubaliano yenye akili kwa pande zote mbili, isipokuwa kwamba kila shamba jipya linalolindwa hivyo limekula kipande cha pori alimokuwa akichimba mama yake.

Halafu watalii. Tangu miaka ya 1990 barabara ya Karatu kuelekea Mang'ola imeleta magari mengi zaidi kila mwaka. Mgeni anaamka saa kumi alfajiri, anafika kambini wakati wa baridi, anaota moto, anawafuata vijana wenye pinde kwa saa mbili tatu, anaona ndege mmoja akianguka, anajaribu kulenga shina la mti, anacheza ngoma, ananunua bangili. Saa nne asubuhi yuko njiani. Sehemu ya pesa inabaki kwa wakala, sehemu kwa muongozaji na ofisi ya kijiji, na inayofika kambini inafika mikononi mwa watu wachache, taslimu, leo hii.

Tazama kinachofuata. Kambi inayopokea wageni haiwezi kuhama, kwa sababu gari lazima liipate. Wanyama wa karibu wanaisha. Mizizi ya karibu inaisha. Sasa lazima unga ununuliwe, na ili unga ununuliwe lazima wageni waje. Uwindaji unabaki kuwa maonyesho ya asubuhi ya watu wanaokula ugali jioni. Na palipo na noti za mkononi kila siku, wauza pombe hawakosi kufika. Watafiti waliokaa na jamii hii miaka mingi wameandika kuhusu ulevi na ugomvi katika kambi za watalii kwa namna isiyoonekana kwenye kambi za ndani. Nataka nieleweke: si kwamba Mhadzabe hajui pesa. Anaijua sana. Anaifanyia kile alichofundishwa kufanya na kila kilicho kizuri, yaani kuimaliza leo pamoja na waliopo. Tofauti ni kwamba asali ikiliwa leo, kesho mbuyu bado upo.

Hata hivyo sitaki kuwa miongoni mwa wale wanaosema utalii ungefutwa tu. Kuna vijana wa Kihadzabe ambao kwa sababu ya wageni wanaona lugha na uta wao ni kitu cha thamani, wakati shuleni walichekwa kwavyo. Na kuna mahali ambapo pori limebaki kwa sababu tu ya mgeni anayelipa kuliona.

Mambo yalifika ukingoni mwaka 2007, kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipotaka kupewa Bonde la Yaeda liwe la kuwinda kwa wageni wake wa kifalme. Wahadzabe, ambao riziki yao ya kuwinda ilikuwa ikitazamwa kama mabaki ya ujinga, wangeondolewa ili watu wengine waje kuwinda palepale kwa starehe. Kelele zilipigwa ndani na nje ya nchi, na kampuni ikajitoa mwaka huohuo. Somo lililobaki lilikuwa la kisheria zaidi kuliko la kihisia. Mtu asiyelima, asiyejenga nyumba ya kudumu, anayehamahama, ataonyeshaje kwamba ardhi ni yake? Kwa macho ya ofisi, pori lisilo na jembe ni pori tupu.

Jibu lilipatikana ndani ya sheria zetu wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaruhusu kijiji kutoa Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa kundi la watu, si kwa mtu mmoja mmoja tu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya pamoja ya zaidi ya hekta 20,000. Kazi hiyo iliongozwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, na mmoja wa viongozi wake, Edward Loure, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kutumia njia hiyohiyo kulinda ardhi za wafugaji na Wahadzabe. Hati ya pamoja ina uzuri ambao hati ya mtu mmoja haina. Hakuna anayeweza kukata kipande chake akauza kwa siri. Kwa lugha yetu ya awali, ni ardhi isiyofichika.

Juu ya hati hiyo ndipo ikajengwa biashara ambayo wengi wanaisikia bila kuielewa, ya kaboni. Maelezo yake ni mepesi kuliko majina yake. Mti ukikua unanyonya hewa ya ukaa. Ukikatwa na kuchomwa, hewa ile inarudi angani. Kampuni ya Carbon Tanzania na vijiji vya bonde walikadiria msitu kiasi gani ungefyekwa kama hakuna wa kuuzuia, wakaweka walinzi wa kijiji wanaotembea mipakani na kurekodi mashamba mapya, ng'ombe walioingia na wanyama walioonekana. Tofauti kati ya kilichotarajiwa kufyekwa na kilichofyekwa inahesabiwa kwa tani, na kila tani inauzwa kwa kampuni au mtu wa mbali anayetaka kufidia moshi wake. Sehemu kubwa ya mapato inarudi vijijini, ikatumika kulipa walinzi, matibabu na ada za shule. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara hii, ishara kwamba si mchezo wa watu wachache tena.

Kwa Wahadzabe mpango huu una jambo moja la ajabu: ni riziki mpya ya kwanza inayowalipa waendelee na ile ya zamani. Kuchimba mizizi, kurina asali na kuwinda chakula hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kufyeka, na wao hawafyeki. Tena pesa yake haimwangukii mtu mmoja asubuhi, inapita kwenye mkutano wa kijiji, hadharani. Inakaribia kuwa nyama.

Inakaribia tu. Nyama haihitaji mwenyekiti, mweka hazina wala watia saini watatu wa benki. Pesa ya pamoja inawahitaji wote hao, na watu ambao kwa vizazi waliwacheka wanaojikweza sasa wanatakiwa wachague wa kushika hesabu. Anayechaguliwa ni anayejua kusoma, na anayejua kusoma ni aliyelelewa mbali na kambi, kwenye bweni. Bweni lilimpa Kiswahili na hesabu katika miaka ileile ambayo mwenzake alikuwa akijifunza kusikiliza mlembe. Anarudi akiwa hajui vizuri kupanda mbuyu, na ndugu zake hawajui vizuri kusoma mkataba. Hata hivyo wazee hawawezi kulisema vibaya bweni moja kwa moja. Mwaka 2007 waliojua kuzungumza na maofisa na waandishi wa habari walikuwa miongoni mwa hao waliosoma.

Bei ya tani nayo inapangwa mbali sana na Yaeda. Mnunuzi wa Ulaya akipoteza imani na kaboni, mlinzi wa Domanga, kimojawapo cha vijiji vya bonde, anakosa mshahara. Vilevile vijiji vingi vya bonde vina Wadatoga na Wairaqw wengi kuliko Wahadzabe, kwa hiyo mkono ukinyooshwa mkutanoni, wenye pori kwa hati wanaweza kuwa wachache kwa kura.

Mambo haya hayako Eyasi tu. Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya, warina asali wakubwa, walishinda kesi kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu mjini Arusha tarehe 26 Mei 2017, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia na kupewa hati ya ardhi yao. Mwishoni mwa 2023 nyumba zao zilibomolewa tena. Wabatwa wa Bwindi, Uganda, waliondolewa msituni ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Tukiwalinganisha na Yaeda tunaona kwamba hati bila ulinzi wa kila siku haitoshi, na ulinzi bila hati hauna pa kusimamia.

Ulinzi wenyewe, ukiutazama kwa karibu, ni kazi ya miguu. Kiangazi kinapokolea, mfugaji mwenye ng'ombe wanaokufa kwa kiu anaingiza mifugo eneo la hati usiku. Mlinzi wa Kihadzabe anaona nyayo asubuhi, anajua ni wangapi na wameelekea wapi, kwa sababu kusoma nyayo hakukufundishwa na mradi wowote. Anarekodi, anapeleka taarifa. Kijiji kinaweza kutoza faini. Lakini mwenye ng'ombe ndiye yule anayemfulia vigumba, na mwezi ujao watahitajiana. Basi mara nyingi, kabla karatasi haijafika ofisini, wawili hao wanakaa kwanza chini ya mti na kuzungumza.